Mkunga Asiyewasha Kiberiti

Mkunga wetu alikuwa mwizi wa maparachichi. Naanza na hilo kwa sababu siku tuliyomzika watu walisimama mmoja mmoja wakamsifu, mpaka nikalitazama jeneza mara mbili, nikidhani tumebeba mtu wa kilima kingine. Katekista alisema marehemu hakuwahi kugusa kitu cha mtu. Mparachichi wangu uko hatua ishirini kutoka mlango wake, na miaka yote tuliyokaa majirani sikuwahi kula parachichi lililoivia mtini, ila nusu moja. Nikimwuliza, anasema ni ngedere. Siku moja nikamwambia, "Ngedere huyu anamenya kwa kisu." Akanijibu, "Ngedere wa siku hizi wamesoma. Wewe ndiye uliyeishia darasa la nne."

Jina lake silisemi. Hata akiwa hai tulilijua wachache. Watu wazima walimwita Mkunga, na watoto aliowapokea kwa mikono yake, yaani karibu kilima chote, walimwita bibi. Hakuwa mkunga wa zahanati mwenye koti jeupe. Alikuwa na wembe, uzi, sabuni na mdomo, na huo mdomo ndio uliofanya kazi kubwa. Mwanamke akilia kwa uchungu, yeye anamwambia, "Ulipokuwa unamtafuta mbona hatukusikia kelele?" Mimi nilizaa watoto watano mikononi mwake na mara zote tano nilimtukana. Hakuwahi kununa. Alikuwa akiyahesabu yale matusi, akanirudishia moja moja miaka ya baadaye, kila alipotaka kunishusha.

Na kunishusha alipenda. Mimi ni mwanamke ninayejivuna, sifichi. Nyumba yangu ilikuwa ya kwanza kupata bati upande wetu. Watoto wangu walikwenda kanisani wakiwa wamepakwa mafuta mpaka magotini. Mkunga akituona tunapita anasema kwa sauti, ili barabara nzima isikie, "Huyo Mama Konso, akipita hata kuku wake wanatembea kwa maringo." Konso ni Konsolata, binti yangu wa kwanza. Habari hii ni ya Mkunga, lakini nusu yake ni ya Konso.

Kanisani Mkunga alikaa benchi la mbele na kusinzia kuanzia somo la kwanza. Ikifika "amina" anaamka na kuisema kwa nguvu kuliko wote. Padri alimwuliza kwa nini asisinzie nyuma. Alisema nyuma kuna upepo. Akitoka hapo, moja kwa moja kwenye rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, pale wanawake wazee walipokaa wakizunguka kibuyu. Mrija wake alitembea nao, ameuchomeka kwenye kilemba, na hakumwazima mtu. Sijapata kumwona ameacha pombe ndani ya kibuyu, ila mara moja. Hiyo nitaifikia.

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Sisi tuko Ngara, na kwa miguu ukitoka kwetu alfajiri, unafika Lukole kabla jua halijawa kali. Lukole ilikuwa imejaa Warundi, mahema na nyumba za udongo mpaka macho yanachoka, na soko lao lilikuwa kubwa kuliko soko letu. Tuliwapelekea ndizi na maharage, tukarudi na mahindi ya msaada na makopo ya mafuta, ambayo watu waliyakunjua wakatengeneza milango. Mkunga aliwalaani wakimbizi asubuhi na jioni. Wamemaliza kuni. Wamekula kilima. Mti wa mwisho wataung'oa na mizizi. Kisha mwanamke wa kambini akishikwa na uchungu njiani akitafuta hizo kuni, wa kwanza kukimbia ni nani? Siku moja alirudi na kopo zima la mafuta kichwani, akamtangazia kila mtu kwamba ameliiba. Baadaye tulijua alipewa na mama mmoja aliyemzalishia mapacha. Aliona afadhali aitwe mwizi kuliko aonekane ameshukuriwa.

Sasa moto.

Mkunga hakuwa na kiberiti. Kila asubuhi moto wake uliletwa na kijana, kaa jekundu juu ya kigae, limefunikwa majani makavu ya mgomba. Zamani kila mtu aliomba moto kwa jirani, lakini miaka hiyo hata maskini alikuwa na kiberiti. Yeye alikataa. Ukimwuliza sababu, leo anasema harufu ya kiberiti inaharibu maharage, kesho anasema inamletea kikohozi, keshokutwa anasema marehemu mume wake alimkataza, na marehemu huyo alikuwa mvuta sigara.

Na hakutaka moto wa mtu yeyote. Alitaka wa vijana, kuanzia kijana anapovunja sauti au kuota matiti mpaka anapooa au kuolewa. Aliwapangia siku. Huyu Jumatatu, huyu Jumanne. Usipotokea siku yako anakuja kwenu na fimbo, anasimama uani na kusema mama yako alizaa kobe. Ukileta, anakukalisha jikoni mpaka moto ushike. Hapo ndipo maswali yanapoanza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umelala?"

"Nimelala."

"Umelala au umelalia ubavu mmoja kama gogo? Jana ulikula nini? Na nani? Mbona rafiki yako yule mwenye masikio makubwa simwoni?"

Mimi nilidhani ni umbeya tu. Mbeya alikuwa, tena wa kwanza. Ugomvi wa watu wazima aliusambaza kabla haujaisha. Lakini nilikuja kugundua kwamba ya vijana hayakuwahi kutoka jikoni kwake. Nilimbana mara nyingi aniambie Konso anazungumza nini kule Alhamisi, maana Alhamisi ilikuwa siku yake. Aliniambia, "Anasema mama yake anapika ugali wenye mabonge." Zaidi ya hapo sikupata kitu.

Konso wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa na rafiki mmoja, msichana wa Lukole aitwaye Esperansi. Walikutana sokoni, mmoja anauza ndizi zangu, mwingine anakaanga maandazi pembeni. Lugha zetu zinasikilizana, Kihangaza na Kirundi ni kama dada na dada, na hao wawili waliongea mpaka ndizi zikaiva kwenye kapu. Mimi sikuupenda urafiki ule. Nilisema binti wa nyumba ya bati hawezi kushinda na msichana wa hema. Nilisema hivyo, siwezi kulifuta.

Basi kikapotea kitenge changu. Kitenge cha bluu chenye samaki, alichonunua baba Konso Ngara mjini, sikuwahi kukivaa zaidi ya Pasaka na Noeli. Na siku chache kabla, Esperansi alikuwa amefika kwangu na kunywa maji. Nilikwenda Lukole sokoni, nikasimama mbele ya karai lake la maandazi, nikamwita mwizi mbele ya watu. Alitazama mafuta yake tu, na maandazi yakaungua. Nikamkataza Konso kukanyaga pale tena.

Siku ya tatu nikakiona kitenge. Kilikuwa chini ya godoro langu mwenyewe, nilikokiweka ili kinyooke.

Mtu mwingine angesema. Mimi nilikikunja nikakificha chini kabisa kwenye sanduku, maana ningeanzia wapi? Konso alikuwa mlangoni. Aliniona ninakikunja. Aligeuka akaenda zake kuchota maji, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena jambo lolote.

Baada ya hapo akawa mtulivu. Chakula anaacha nusu. Baba yake alisema, "Ugali upo, bati lipo, ananuna nini?" Kisha ikaja hali nyingine ambayo mimi niliipokea kwa furaha. Akaanza kutoa. Gauni lake la Jumapili akampa mdogo wake. Kuku wake mwenye vifaranga akampa bibi mzaa baba. Rozari ya komunyo ya kwanza akampa jirani. Sauti yake ilikuwa laini, anamsamehe kila mtu. Nikasema moyoni, huyu ameguswa na Mungu. Jumapili baada ya misa nikaenda mpaka kwenye kibuyu cha wazee kujisifu.

"Binti yangu atakuwa sista," nikawaambia. "Amegawa kila kitu alicho nacho. Kwangu kumeota mtakatifu."

Nilimngojea Mkunga anitanie. Alikuwa ameinama kwenye mrija wake. Akaacha kuvuta.

"Amegawa nini?"

Nikamtajia, huku najivuna.

"Na moto wa Alhamisi mara mbili umeletwa na mdogo wake," akasema. "Ulisema yuko kwenye sala."

"Ndiyo."

Akainuka. Kibuyu kilikuwa bado nusu, na mrija wake aliuacha umesimama mlemle ndani. Nilimfuata nyuma nikimwuliza kuna nini, na kwa umri wake alinishinda mwendo.

Konso alikuwa ameketi nyuma ya jikoni, hafanyi kitu. Mkunga alijishusha chini kando yake magoti yakipiga kelele, akavuta pumzi, akamwuliza kama mtu anayeuliza bei ya mihogo:

"Konso, unataka kufa?"

Nilimrukia. Kwetu neno hilo halisemwi ndani ya ua, tunaamini ukiliita linakuja. Nikamwambia, "Wewe mzee, unamtabiria mwanangu?"

Hakunitazama. "Nyamaza, Mama Konso. Sikuuliza wewe."

Konso alichora chini kwa kijiti. Kisha akasema, "Ndiyo, bibi."

Nilikaa palepale juu ya maganda ya ndizi, mimi wa nyumba ya bati. Nilidhani Mkunga atataja dhambi na moto wa milele, kwa sababu ndivyo ambavyo mimi ningefanya. Hakutaja. Alimwuliza tangu lini. Alimwuliza kama amepanga ni siku gani. Konso akajibu, na alivyokuwa akijibu sauti yake ilirudi kidogokidogo, na machozi nayo. Mkunga akamfuta kamasi kwa ncha ya kanga yake.

"Sasa nisikilize," akamwambia. "Wewe ulikuja duniani umetanguliza matako. Tangu asubuhi mpaka jioni nilihangaika kukugeuza, na mama yako huyu ananitukana ukoo mzima. Niliyekupokea ni mimi. Huwezi kuondoka kama mgeni wa hoteli, bila hata kuniuliza."

Konso akacheka. Kicheko kibaya, kimechanganyika na kilio, lakini ni kicheko.

Mkunga alihamia kwangu jioni ileile na mkeka wake. Akatoa amri nyumba nzima. Mtoto asiachwe peke yake, hata dakika moja. Akienda shambani, aende na mtu. Akienda chooni, mtu asimame nje na aimbe, ili mtoto ajue yupo mtu na mtu asisahau kazi yake. Zamu ya asubuhi ilimwangukia baba Konso, ambaye sauti yake ni kama ya fahali aliyekwama kwenye tope. Alisimama nje ya choo akiimba nyimbo za Kwaresima, na ilikuwa wakati wa mavuno. Majirani waliuliza. Mkunga aliwaambia baba Konso ameota maono.

Kisha akafanya jambo lililomuuma zaidi. Wauguzi hakuwapenda hata kidogo, alisema wanakata vitovu kama wanakata nyanya. Lakini siku ya pili alimshika Konso mkono akampeleka mwenyewe zahanati, kwa nesi mmoja mwanamama aliyejulikana kwa kuwasikiliza wasichana. Alisubiri nje muda wote walipoongea. Akamwambia nesi, "Mimi najua kuwatoa tumboni. Wakishakua wakataka kurudi gizani, tusaidiane." Konso alikwenda kwa nesi huyo miezi mingi.

Siku ya tatu zamu ikawa yangu. Mkunga alisimama mbele ya sanduku langu.

"Kitoe."

"Nini?"

"Kitenge. Kivae. Tunakwenda Lukole."

Konso alikuwa amemweleza yote. Nilisema nitamwita yule msichana pembeni nizungumze naye taratibu, kwa heshima. Mkunga akasema, "Ulimtukana sokoni. Utamwomba radhi sokoni. Sio nyuma ya hema."

Tulitoka watatu alfajiri, Konso mbele. Njiani nilimwuliza Mkunga alijuaje. Tulikuwa tunateremka bonde la pili. Akaniambia alipokuwa akiishi Bisibo, upande wa Biharamulo, kulikuwa na kijana aliyempokea yeye mwenyewe. Kijana huyo aligawa viatu, akagawa redio yake, akamletea yeye Mkunga kuni mzigo mzima bila kuombwa. "Nikamsifu," akasema. "Nikamwambia mama yake, umezaa mtoto mwema. Wiki ile tukamzika. Watu hawakutaka hata kumlilia. Nililia peke yangu, wakasema nimelewa."

"Ulikuwa umelewa?"

"Ndiyo. Lakini si pombe iliyoniliza."

Hakulirudia tena jambo hilo maisha yake yote.

Esperansi alikuwa palepale, na karai lake. Aliponiona aliinua kijiko kama mtu anayejilinda. Nilisimama mbele yake, watu wakasogea, maana wananikumbuka. Nikasema, "Mwanangu, nilikuita mwizi. Hukuiba. Nisamehe."

Alikitazama kitenge changu, samaki kwa samaki, kutoka kiunoni mpaka chini.

"Kilikuwa wapi?"

"Chini ya godoro."

"Godoro la nani?"

"Langu."

Soko lilicheka. Warundi walicheka, wachuuzi wa kwetu walicheka, mzee mmoja aliyeuza sigara moja moja alicheka mpaka akashika nguzo. Nchi mbili zilinicheka siku moja. Mkunga alicheka kuliko wote, mshenzi yule. Esperansi hakucheka. Alisema, "Sijakusamehe bado, mama," kisha akamsogezea Konso kopo la mafuta alikalie. Walikaa hapo mpaka jua likageuka. Sijui walisema nini. Niliona tu kwamba Konso alikula andazi, akaongeza la pili, na mimi niliyahesabu kama mtu anayehesabu siku za uzazi.

Haikuisha siku ile. Kuna wiki alirudi nyuma kabisa, na baba yake akarudi kuimba. Lakini Alhamisi ilipofika alipeleka moto mwenyewe. Jumamosi alikwenda Lukole, na siku nyingine niliambatana naye nikinunua maandazi nisiyoyahitaji. Esperansi alinisamehe baada ya mwaka hivi. Alinitangazia kwa kunipa andazi lililoungua.

Leo kambi haipo, Esperansi alirudi kwao Burundi, na Konso ameolewa Nyantakara ana watoto wanne, wa kwanza yuko sekondari na anaongoza darasa. Hilo nalisema kwa kila mtu, hata asiyeuliza.

Siku niliyomsikiliza Mkunga kwa akili yangu yote ilikuwa mwaka aliofariki baba Konso. Macho ya mzee yalikuwa yamekwisha, anaona kivuli tu. Nilikwenda asubuhi kumfagilia. Chini ya kitanda ufagio uligonga kopo la mafuta ya msaada, lile la mama wa mapacha. Nililifungua. Lilijaa viberiti mpaka juu, vipya, vya miaka na miaka. Kila kijana aliyeoa au kuolewa alimnunulia bibi kiberiti, akidhani ni yeye wa kwanza kumhurumia. Vingine vilikuwa vimeota ukungu. Hakuna hata kimoja kilichofunguliwa.

"Umemaliza kupekua?" akauliza kutoka kitandani.

"Mkunga, viberiti vyote hivi?"

"Nikikiuliza kiberiti kimelalaje, kitanijibu?" Akakohoa. "Moto wangu umezimika. Nenda kwako ukaniletee."

"Kiberiti ninacho mkononi."

"Nimesema nenda."

Nikaenda, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Nikachota kaa jikoni kwangu, nikalifunika majani ya mgomba, nikarudi nalo. Nilipoinama kulipuliza, aliweka mkono usoni pangu, akapapasa mashavu kama anavyopapasa tumbo la mjamzito.

"Jana ulikula nini?"

"Ndizi na maharage."

"Muongo. Mifupa yote hii." Mkono ukabaki palepale. "Konso alipita hapa juzi. Anasema umeanza kugawa vitenge. Hata kile cha samaki umempa wifi yako."

Nilikuwa nimempa. Nilisema sina Pasaka tena ya kukivalia. Nilijiona nimekuwa mkarimu, na watu walikuwa wamenisifu.

"Mama Konso," akasema, kwa sauti ileile ya bei ya mihogo, "unataka kufa?"

Nilitaka kucheka. Nilitaka kumwambia mimi ni mtu mzima, nyumba yangu ina bati. Moto ulikuwa unashika, moshi unaniingia machoni, na nikasikia mdomo wangu unasema, "Sijui."

"Haya," akasema. "Kaa. Kwanza ule." Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa parachichi lililoivia mtini, langu, akanikatia nusu. "Na Jumanne ni yako. Usipokuja nakuja na fimbo, hata kwa kutambaa."

Jumanne nilipeleka moto, na Jumanne zote mpaka tulipomzika. Kitenge cha samaki nilikwenda kukidai kwa wifi yangu, akaninunia mwezi mzima. Ndicho nilichovaa siku ya mazishi.